Nilipigwa mionzi utotoni, nipime matiti?

Shikamoo Bibi Daktari. Nina miaka 26, naishi Tanga. Nikiwa na miaka 13 nilitibiwa saratani ya Hodgkin (ile ya mitoki) kwa dripu za dawa na mionzi ya shingo na kifua. Nikapona. Majuzi nesi kaniambia nipime matiti kila mwaka. Mama mkwe anasema najitafutia maradhi. Pia nachoka sana siku hizi.

Marahaba mwanangu. Msikilize nesi, mkweo mpe chai tu.

Tangu 1994 watafiti wa Marekani wanafuatilia maelfu ya watu waliopona saratani za utotoni, wakiwemo waliougua tangu 1970. Wameona kwamba wasichana waliopigwa mionzi kifuani hupata saratani ya matiti mapema kuliko wenzao. Ndiyo maana madaktari wa kule hushauri kipimo cha mamogramu (eksirei ya matiti) na MRI (picha za mashine ya sumaku) kila mwaka kuanzia miaka 25, au miaka 8 baada ya mionzi, lolote litakalochelewa. Wewe umeshafika. Moyo nao huangaliwa kwa ultrasaundi, maana uko palepale kifuani.

Usiichukie mionzi, ndiyo iliyokufikisha kwa huyo mkwe. Siku hizi watoto wengi hupewa mionzi kidogo kuliko zamani kwa sababu ya tafiti hizihizi.

Rudi ulikotibiwa, omba karatasi ya kiasi cha mionzi ulichopewa. Faili likipotea, nenda hivyohivyo, ukaeleze.

Huko kuchoka, nashuku tezi ya shingo, ile ya thairoidi. Mionzi huilegeza taratibu. Ni kipimo cha damu tu, na ikiwa ndiyo, dawa yake ni kidonge cha kila asubuhi.