Muulize Fundi: Kinanda kizima nyumbani, kibovu kanisani

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya huku Njombe. Tuna Yamaha PSR, nyumbani kinalia vizuri kwa spika zake. Kanisani tunakichomeka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) kwa waya mmoja kutoka tundu la hedifoni. Hapo piano inakuwa nyembamba, besi haisikiki kabisa, na kuna muungurumo usioisha. Fundi mmoja amesema kadi ya sauti imekufa, anataka laki mbili. Tumpe?

JIBU: Marahaba. Msimpe hata mia. Kadi iliyokufa haifufuki ikirudi nyumbani.

Angalia huo waya. Nina hakika upande wa kinanda una jeki yenye pete mbili nyeusi, na upande wa pili una pini tatu, mnauingiza kwenye tundu la maikrofoni. Tundu la hedifoni linatoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Tundu la maikrofoni halijui habari hizo. Lenyewe linalinganisha pini ya pili na ya tatu, na kitu chochote kinachofanana kwenye pini zote mbili linakifuta, kwa sababu ndivyo linavyoondoa makelele yaliyoingia njiani kwenye waya mrefu. Sasa besi ya kinanda kwa kawaida iko sawasawa kushoto na kulia. Mikisa inaihesabu kuwa kelele na kuifuta! Mnabaki na mwangwi na vile vipande vichache ambavyo kushoto na kulia vinatofautiana. Waya wa namna hii nakutana nao kila mara, na karibu kila anayeniletea kinanda chenye ugonjwa huo ameshaambiwa habari za kadi.

Kabla ya kununua chochote, vaa hedifoni upige. Ukisikia besi imejaa masikioni, kinanda hakina kosa. Kisha tafuta waya wa Y: jeki moja ya steriyo (ile ya pete mbili nyeusi) upande wa kinanda, jeki mbili za mono (za pete moja) upande wa mikisa. Ziingize kwenye matundu mawili ya laini (yaliyoandikwa LINE), si ya maikrofoni, moja uipeleke kushoto na nyingine kulia. Mkiwa na nafasi moja tu kwenye mikisa, chomekeni jeki ya kushoto peke yake. Mtapoteza upana kidogo lakini besi itarudi. Sauti ya kinanda iwe robo tatu hivi, halafu mikisa ndiyo ipandishwe taratibu.

Muungurumo ni jambo jingine. Kama kinanda chenu kinakubali betri, chomoa adapta upige kwa betri. Muungurumo ukinyamaza, basi unatoka kwenye adapta au kwenye njia ya umeme. Chomekeni kinanda na mikisa kwenye ekstensheni moja, msichukue umeme wa kinanda madhabahuni na wa mikisa nyuma ya kanisa. Usipoisha, nunueni DI boksi, yaani kisanduku kinachokaa kati ya kinanda na mikisa, yenye transfoma ndani. Ila asije mtu akawashauri mkate waya wa ardhi kwenye plagi ya amplifaya. Ni kweli muungurumo unaweza kuisha, lakini siku amplifaya ikivuja umeme, mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma ndiye atakayepigwa shoti.

Na msiazime adapta. Nyingi za Yamaha za nyumbani ni volti 12, chanya katikati. Casio nyingi za zamani ni volti 9, hasi katikati. Kichwa kinaweza kuingia vizuri tu, na kinanda kikaungua.

SWALI: Fundi, kinanda changu kina vibonyezo vitatu visivyolia, na kimoja kinapiga kwa nguvu hata nikikigusa polepole. Ni vumbi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Inategemea vimekaaje. Kila kibonyezo kina migusano miwili ya mpira wenye kaboni, na kinanda hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili ili kijue umepiga kwa nguvu kiasi gani. Mmoja ukichafuka, kipimo hicho huvurugika. Ndicho hicho chako kinachopayuka. Futa kaboni na bodi kwa pamba yenye spiriti kidogo, bila kusugua, acha pakauke kabisa ndipo ufunge. Lakini hesabu kwanza: kama vile vitatu vinapishana kwa nafasi sawa, kwa mfano kila baada ya vibonyezo sita au nane, usihangaike na pamba. Hapo kuna njia moja ya umeme iliyokatika, na anayehitajika ni fundi mwenye mita ya kupimia umeme.