Baba alibana kikohozi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika kumbukumbu za marehemu baba yetu nizisome siku ya arobaini, nyumbani Ngarenaro, Arusha. Baba alikuwa seremala. Tulilala chumba kimoja, pazia tu katikati, na usiku alizuia kikohozi ili tusiamke. Tulipomkosea alizuia hasira. Mama alipofariki alizuia machozi mbele yetu. Nimehesabu: katika ukurasa mmoja nimeandika "alizuia" mara saba. Kaka yangu amenipa "alikandamiza", lakini nikisoma kwa sauti nasikia kama taarifa ya habari. Naomba visawe visivyomwonea baba. – Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Sikio lako limesikia vizuri. "Kukandamiza" kunataka mwenye nguvu juu na mnyonge chini: mkoloni aliwakandamiza wananchi, tajiri mbaya anawakandamiza vibarua. Baba yako hakuwa amemkalia mtu. Alikuwa akishindana na kifua chake mwenyewe, gizani, kwa ajili yenu. Mwambie kaka yako nimemshukuru, lakini neno hilo tumelirudisha.

Kikohozi hubanwa. Andika "baba alibana kikohozi" kisha usome tena kwa sauti. Dawa nayo huzuia kikohozi, kwa hiyo "alizuia" haitwambii kama aliteseka. Kubana ni kazi ya mwili. Mtu hubana pumzi, hubana mkojo safarini, hubana kicheko kanisani hadi mabega yatikisike. Kinachobanwa kiko hai, kinasukuma kitoke, na anayebana anajua hana muda mrefu. Wewe uliyekuwa macho upande wa pili wa pazia nadhani ulisikia kitanda kikilia. Kama ulisikia, kiandike kitanda hicho.

Hasira ni habari nyingine. Kwa Kiswahili hasira humpanda mtu, tena humkaba kooni, ndiyo maana mwenye kuishinda tunasema ameimeza. "Alimeza hasira" inafaa kama aliondoka na uchungu wake tumboni. Kama alitoka nje, akapiga randa ubao mmoja, akarudi akicheka nanyi, basi hakuimeza, aliituliza, na hasira iliyotulizwa haipo tena. Wewe ndiye unayejua ilikuwa ipi. Usichague neno kwa sababu linapendeza.

Machozi yamenifikirisha siku mbili. Nilichoona ni kwamba hapo huhitaji neno la kuzuia hata kidogo. Tunacho kitenzi cha machozi yaliyofika ukingoni yasidondoke: yalimlengalenga. "Machozi yalimlengalenga, akajikaza." Kujikaza kunatoka kwenye kukaza, na seremala hukaza jiliwa kila siku ili ubao usiteleze. Neno hilo ni lake tangu zamani, mpe. "Alipiga moyo konde" achana nalo. Ni msemo mzuri, lakini nimeusikia katika wasifu wa marehemu wengi mno hapa Moshi, hata haumwonyeshi tena mtu yeyote.

Sasa nikupe neno ambalo hukuliomba. Mama yangu, kule Uru, kila usiku alifukia moto kwa majivu. Hakuuzima. Alfajiri alifukua kaa jekundu, akaweka majani makavu ya mgomba, akapuliza, chai ikapikwa bila kuchoma njiti ya kiberiti. Mtoto asiyejua angeapa kwamba mafigani hakuna kitu. Kama baba yenu alikaa miaka bila kumtaja mama, kisha siku moja jina lake likamtoka mkishangaa, basi huzuni yake aliifukia. Kama siku hiyo haikuwapo, neno hili usilitumie. Msikilizaji atasubiri kufukuliwa kwake.

Kuzima na kudhibiti navyo watu huvichanganya. Oktoba 2020 msitu ulipoungua kule mlimani Kilimanjaro, kuanzia eneo la Whona, sisi wa huku chini tulikuwa tukiuliza kila asubuhi: umezimwa? Jibu likiwa "umedhibitiwa", maana yake bado unawaka, ila umewekewa mipaka. Umezimwa ni pale usipowaka tena. Tofauti hiyo ina uzito kwa mtu aliyeshika tawi bichi akipiga ndimi za moto. Kwa baba yako, hata hivyo, "alidhibiti hisia zake" ni lugha ya ofisini, nami naomba isisomwe siku ya arobaini.

Kuna pia kusonga, kama magugu yanavyosonga mibuni michanga, au miiba ile katika mfano wa mpanzi kwenye Biblia. Ni kuua polepole kwa kunyima hewa na nafasi. Na kuna kuviza, yaani kukifanya kitu kisikue, kikavia. Kwa unavyomweleza, baba yenu hakumviza yeyote. Mahali pa kusema hivyo ni pazuri sana, kama ni kweli.

Kamusi huvipanga visawe mstari mmoja, nukta mkato katikati, na mtu hudhani kila kimoja kinaweza kukaa kiti cha mwenzake. Uliza kwanza kinachozuiwa ni nini, kimekaa wapi mwilini, na baadaye kilikuwa hai au kilikufa. Katika zile saba, "alizuia" ibakize pale alipozuia kitu cha nje yake: mlango, mbwa, au ndugu aliyetaka kuwatawanya watoto kwa shangazi na wajomba.

SWALI: Mwalimu, mtangazaji wa mpira anasema beki "anamkaba" mshambuliaji, na mwizi naye "anamkaba" mtu njiani. Ni neno moja? – Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Ni hilo hilo moja, na nyumbani kwake ni kooni. Kola ndogo hukaba, mwizi hukaba kwa mkono shingoni. Beki hashiki shingo, lakini anamganda mtu hadi asipate pa kupumulia. Usichanganye tu na kupaliwa. Mfupa wa samaki hukwama, donge la ugali humkaba mtu, bali maji, mate na chai humpalia. Ukigugumia chai ya moto ukiwahi daladala, ukakohoa mpaka machozi, umepaliwa. Hakuna aliyekukaba.