Saratani iko mapafuni, sodiamu imeshukaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana saratani ya mapafu, ile ya seli ndogo. Juzi alianza kuongea ovyo na kulala mno. Kipimo cha damu kikaonyesha sodiamu, ile madini ya chumvi, ni 118, figo nzima. Ajabu, daktari wake amempunguzia maji badala ya kumwongezea chumvi. Hiyo ni sawa?

JIBU: Marahaba. Kwa ulivyoeleza, ni sawa. Tatizo hapo si uhaba wa chumvi, ni maji yaliyozidi.

Mwili ukipungukiwa na maji, ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini, nayo huziamuru figo ziyabakize. Ukishakunywa, amri husitishwa. Saratani ya seli ndogo ina tabia ya kutengeneza homoni hiyohiyo yenyewe, bila kujali umekunywa au la. Figo za baba, kwa kuwa ni nzima, zinatii. Maji yanabaki, damu inazimuliwa, sodiamu inashuka chini ya kiwango cha kawaida cha milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Maji hayo huingia pia kwenye seli za ubongo na kuzivimbisha, ndiyo maana akawa anaongea ovyo.

Hata dripu ya kawaida ya chumvi inaweza kumzidishia: figo hutoa chumvi kwenye mkojo na kubakiza maji. Dripu ya chumvi kali, asilimia 3, ipo, lakini ni ya wodini, hasa mgonjwa anapopata degedege, na damu hupimwa mara kwa mara. Sodiamu iliyoshuka kwa siku kadhaa haipandishwi haraka. Wengi wetu hatuvuki milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, kwani kasi huweza kuharibu neva za ubongo kwa kudumu. Kwa hiyo msimkorogee chumvi nyumbani.

Mwulizeni daktari kiasi cha maji kwa siku, na mhesabu kila kimiminika, chai na supu zikiwemo. Mwonyesheni pia dawa zote anazotumia, maana baadhi ya dawa za kukojosha na za sonona hushusha sodiamu. Dawa ya kudumu ni kuushughulikia uvimbe wa saratani. Saratani hii kwa kawaida huitikia vizuri tibakemikali za mwanzo, na uvimbe ukinywea sodiamu mara nyingi hupanda yenyewe. Ikishuka tena baadaye, tunauliza kama ugonjwa umerudi.

Tahadhari moja: ushauri huu usimpe mgonjwa mwingine wa mapafu. Aina ya seli bapa hupenda kutoa protini inayopandisha kalsiamu. Huyo naye huchanganyikiwa, lakini ana kiu, anakojoa sana, anafunga choo, na anahitaji maji mengi ya dripu. Kumnyima maji ni kumuumiza. Wapo pia ambao uvimbe wao huchochea homoni iitwayo kotisoli: potasiamu hushuka, shinikizo la damu na sukari hupanda, misuli hulegea.

Baba akipata degedege au akiwa haamshiki, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.