Mgeni akitoka, rejista zake za desimali ziko wapi?

Vijana wanaoandika haipavaiza zao (programu za kuendesha mfumo mmoja wa kompyuta, "mgeni", ndani ya mwingine, "mwenyeji") hapa Kisumu huniletea tatizo lile lile: mfumo mgeni umewaka, kerneli imepanda, diski inasomeka, ila hesabu za desimali zinatoka kombo. Hakuna kinachozimika wala ujumbe wa kosa. Namba tu ndizo si zenyewe.

Kabla hujashuku kitu kingine, kagua rejista za desimali, yaani vihifadhi vidogo ndani ya prosesa vinavyobeba namba hizo. Kwenye prosesa za Intel, mgeni anapotoka, yaani prosesa inapomwacha na kurudi kwa mwenyeji, maunzi huweka ndani ya VMCS (eneo la kumbukumbu linalotunza hali ya mgeni) vitu kama RIP (anwani ya amri inayofuata), RSP (kilele cha rundo) na rejista za udhibiti. Rejista za desimali, yaani x87, XMM na YMM, hayazigusi. Zinabaki na thamani za mgeni mpaka msimbo wa mwenyeji uzifute. Na usiseme, "Mimi sijaandika desimali popote." Kompaila hupenda kunakili kumbukumbu kwa XMM. Juzi tulikaa na binti mmoja pale Milimani tukasoma msimbo wa mashine wa haipavaiza yake: sehemu inayonakili pakiti za mtandao ilikuwa imejaa movups, amri ya kuhamisha data kupitia XMM. Mgeni wake alikuwa katikati ya kuzidisha matriki, pakiti inaingia, xmm0 inabadilika.

Dawa ni kukompaili upande wa mwenyeji kwa -mgeneral-regs-only, chaguo linaloizuia kompaila kutumia rejista hizi. Kerneli ya Linux nayo hukompailiwa bila SSE (amri zinazotumia XMM), ndiyo maana KVM, haipavaiza ya Linux, haibadilishi rejista hizi kila mgeni anapotoka. Huzibadilisha KVM_RUN, wito wa kumwendesha mgeni, inapoanza na inaporudi kwa programu ya mtumiaji. Ukishindwa kukompaili hivyo, hifadhi kila mara, hata kama inagharimu muda.

Ule mtindo wa zamani wa kuwasha biti ya TS kwenye CR0 (rejista ya udhibiti; biti hiyo huifanya prosesa ikatize desimali inapoguswa) na kungoja mgeni aguse desimali ndipo ubadilishe, achana nao kabisa. Juni 2018 ilitangazwa kasoro ya usalama CVE-2018-3665: kwenye prosesa za Intel Core, programu moja iliweza kuchungulia rejista za nyingine zilizoachwa humo. Funguo za usimbaji wa AES hupita kwenye XMM, kwa hiyo hili si jambo la kupuuza.

Ukubwa wa eneo la XSAVE, amri ya kuhifadhi rejista hizi, usiukariri. Amri ya zamani, FXSAVE, ilikuwa baiti 512, ukiongeza AVX (amri za YMM) zinafika 832, na AVX-512 inazidi hapo. Iulize CPUID, amri inayoeleza uwezo wa prosesa, tawi la 0x0D, na anwani ya eneo hilo igawanyike kwa 64. Kisha kuna XCR0, rejista inayosema ni hali zipi XSAVE ihifadhi: mgeni anaweza kuzima AVX kwenye yake, nawe ukihifadhi kabla ya kurudisha ya mwenyeji, nusu za juu za YMM haziingii kwenye hifadhi.

Kupima ni rahisi. Ndani ya mgeni jaza kila rejista kwa thamani yake ya pekee, pamoja na MXCSR (rejista ya mipangilio ya desimali), kisha zikaguliwe kwa mzunguko usiokoma. Mwenyeji naye mpe kazi nzito: anakili mafaili, asimbe diski, aendeshe mgeni wa pili kwenye kiini kile kile cha prosesa. Iache ikimbie usiku kucha, na rejista itakayobadilika iandikwe kwa jina.