Trekta lililotumika kwa shamba dogo na zizi: kabla hujatoa hela

Wageni wanaokuja kufungua shamba huku Kongwa na Chamwino, mkoani Dodoma, huuliza bei kwanza. Anza na majira. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ukitafuta trekta Novemba, mwenye nalo anajua una haraka. Nenda Juni au Julai, matrekta mengi yamelala na wenyewe wana shida ya fedha.

Kwa eka 20, ng'ombe kadhaa na kazi ya kusomba maji, Massey Ferguson 135 au 240 inatosha. Zote ni silinda tatu, nguvu farasi 45 hadi 50 hivi, na mafundi wa Kibaigwa wanazifungua huku wakipiga soga. 290 ya silinda nne ina ubavu zaidi, ila utainywesha dizeli hata siku ya kubeba majani tu. Kama eneo lako ni mbuga, ule udongo mweusi unaonata, hapo sibishi, chukua kubwa.

Siku ya ukaguzi, mwombe mwenye trekta asiliwashe kabla hujafika. Ukifika tu, gusa injini. Ikiwa ya moto, shtuka: injini iliyochoka huwaka kirahisi ikishapashwa. Likishawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukisukumwa nje kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha. Chomoa na stiki ya kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na hapo mimi huaga.

Haidroliki wengi huisahau. Funga plau, inyanyue juu, zima injini, kisha muulizane habari za nyumbani. Ikishuka polepole, una hoja ya kupunguziwa bei. Ikidondoka hamjamaliza salamu, sili au valvu zimekufa.

Mita ya saa za kazi usiiamini, nyingi zilishakufa zamani. Tazama pedali ya klachi ilivyolika, na tundu la pini ya tela: likiwa limerefuka, trekta limevuta mizigo mizito miaka mingi, hata kama rangi ni ya juzi. Tairi za nyuma ni ghali, na jua letu hupasua mpira hata trekta likiwa limesimama, kwa hiyo kagua ubavuni, siyo meno tu.

Kadi ya trekta nayo: linganisha namba ya chesisi kwa macho yako, na mwenye jina kwenye kadi awepo. Dalali asiguse hata shilingi ya advansi kabla hujaonana na huyo mwenye jina.