Huhitaji programu ya kulipia kurekodi watumiaji

Unajiuliza kama lazima ununue programu ya kurekodi watu wakijaribu programu yako ili uone wanakwama wapi? Hapana ndugu, huhitaji kununua kitu. Kama ni ya simu, Android kuanzia toleo la 11 ina kirekodi skrini chake. Washa maikrofoni na ile alama ya kuonyesha miguso, la sivyo utaona kurasa zinabadilika tu bila kujua mtu kabonyeza wapi. Kwenye kompyuta chukua OBS Studio, programu ya kurekodi, ni ya bure, inanasa skrini, uso na sauti kwa pamoja.

Na sauti ndiyo yenye mali. Mwombe mtu aseme kila anachowaza huku akitumia, kisha wewe nyamaza. Akikwama kwenye kitufe cha "Endelea", usimwelekeze. Huko kuhangaika ndiko ulikokufuata. Usisubiri umati pia: Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za matumizi.

Ruhusa omba kabla ya kuwasha kirekodi, na uwape akaunti za majaribio. Ukishawasha alama za miguso, PIN ya mtu inaweza kusomeka kwenye video.