Miti imejaa, mumbi wamekwenda wapi?

SWALI: Mimi ni mzee wa Mkwaja, Pangani. Zamani mumbi, wale ndege wakubwa weusi, wakinguruma alfajiri ungedhani ni simba yuko mbali. Sasa mwezi unapita sijawasikia. Kijana wangu anasema ni joto la dunia. Lakini miti siku hizi imejaa kuliko zamani, sasa ndege anakosaje makazi?

JIBU: Shikamoo mzee. Kijana hajakosea, ila ameanza na la pili.

Mumbi huruka akilazimika tu, riziki yake huitafuta kwa miguu. Wanatembea kikundi, wametawanyika kwenye nyasi, wakidonoa panzi, vyura, konokono, hata nyoka. Ndege wa namna hiyo anataka uwazi. Hiyo miti iliyojaa ni migunga, na ndani ya kichaka cha miiba hawezi kuwinda.

Migunga ilianzia wapi? Kumbuka enzi za ranchi ya ng'ombe hapo Mkwaja, kabla ya eneo hilo kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani mwaka 2005. Ng'ombe walikula nyasi zikabaki haba. Nyasi zikiwa haba moto hauna cha kuunguza, na miche ya migunga inapona. Hapo ndipo hoja ya kijana inapoingia: hewa ya ukaa, hiyo inayoleta joto la dunia, ikiongezeka angani, miti hufaidika nayo kuliko nyasi zetu za nchi za joto. Mgunga ukiungua leo, unachipua upesi na kuuwahi moto unaofuata.

Joto lenyewe nalo lina lake. Mtazame mumbi saa saba mchana: mweusi tii, kasimama kivulini, mdomo wazi, mbawa kazitenga na mwili. Saa hiyo hawindi, na kinda linasubiri. Nao ni wazito wa kuzaa. Jike hutaga mara nyingi mayai mawili, kinda la pili hufa kwa njaa, na huyo mmoja hukaa na wazazi miaka kadhaa kabla hajazaa.

Kuhusu makazi, kiota chake ni tundu la mti mkubwa, mzee. Migunga yote hiyo haina tundu la kumtosha ndege wa kilo tatu na zaidi. Mbuyu mmoja wenye pango ndio nyumba, kwa hiyo wachoma mkaa na wapanua mashamba waambiwe wauache.

Ukiwaona tena, mzee, tazama koo. Jekundu ni mkubwa. Likiwa na rangi ya manjano iliyofifia, huyo ni mtoto, nawe niandikie siku hiyohiyo.